Tovuti ya Early Modern Texts: mapitio kwa msomaji wa falsafa aliyeko Unguja au Pemba

Anayetaka kuwasoma wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya 17 na 18, kama Descartes, Spinoza, Locke au Hume, akiwa Zanzibar hukutana na vikwazo viwili kabla hajaifikia hoja yenyewe. Kitabu hakipatikani dukani, na kukiagiza kutoka nje ni gharama. Akikipata bure kwenye intaneti, Kiingereza chake ni cha miaka mia tatu na ushei iliyopita: sentensi moja ya Locke inaweza kuchukua nusu ukurasa, vishazi vimebebana hata msomaji akasahau kitenzi kilianzia wapi. Early Modern Texts, inayopatikana kwa anwani ya earlymoderntexts.com, imetengenezwa kwa ajili ya kikwazo hicho cha pili, kwa kuyaandika upya maandishi hayo kwa Kiingereza chepesi, na kwa kuwa haina malipo inapunguza makali ya kile cha kwanza. Hakuna kujisajili wala nywila. Unafungua, unachagua mwandishi, unapakua faili la PDF.

Naipendekeza kwa moyo mmoja kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza, kwa mwalimu wa skuli anayetaka kujisomea, na hasa kwa anayejitayarisha kuomba nafasi ya uzamili au uzamivu katika historia ya falsafa. Lakini ina masharti yake, na sehemu kubwa ya mapitio haya ni masharti hayo, kwa sababu wanaoharibikiwa nayo huharibikiwa kwa makosa yale yale.

Kwanza, mtengenezaji wake. Jonathan Bennett alizaliwa New Zealand mwaka 1930 na kufariki 2024. Alisomesha Cambridge kwa zaidi ya miaka kumi, akahamia British Columbia nchini Canada, kisha Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, hadi alipostaafu 1997. Alitoa vitabu viwili juu ya Kant, 1966 na 1974. Kimoja juu ya Locke, Berkeley na Hume, 1971. Kimoja juu ya Maadili ya Spinoza, 1984. Na mwaka 2001 juzuu mbili juu ya wanafalsafa sita: Descartes, Spinoza, Leibniz, Locke, Berkeley na Hume. Insha Mpya za Leibniz alizitafsiri pamoja na Peter Remnant, na tafsiri hiyo ya 1981 inategemewa mpaka leo. Kwa hiyo mkono uliorahisisha maandishi haya ni wa mtu aliyeshinda nayo umri wake wote. Ukilinganisha na mihtasari inayozagaa mitandaoni, ambayo aghalabu imeandikwa na watu ambao asili yenyewe hawakuisoma, tofauti ni kubwa mno.

Ila mkono huo una mwelekeo wake. Bennett aliwasoma wafu kama wenzake wanaobishana naye leo: hoja hii inasimama au haisimami, na ikianguka, imeangukia wapi? Wanahistoria wa falsafa kama Daniel Garber waliipinga njia hiyo, wakidai kwamba mwandishi wa karne ya 17 lazima asomwe ndani ya maswali ya wakati wake, yaani fizikia yake, dini yake na mahasimu wake. Ukiingia katika fani hii utazikuta kambi zote mbili, na huenda msimamizi wako akawa wa kambi ya pili. Faili za tovuti hii zimeelekezwa kwenye hoja. Anayetafuta mazingira ya kihistoria atayakuta kwa uchache tu.

Sasa tuingie ndani ya faili. Kuna alama nne za kuzijua kabla ya kusoma chochote, na zinaelezwa mwanzoni mwa kila faili, mahali ambapo wengi huparuka haraka. Maneno yaliyomo kwenye mabano ya mraba ni maelezo ya mhariri. Maneno yaliyo katikati ya vinukta vidogo vilivyoinuliwa kidogo juu ya mstari ni nyongeza ya Bennett, lakini imeandikwa ili isomeke kana kwamba ni sehemu ya matini. Nukta nne mfululizo maana yake kipande kifupi kimeachwa kwa kuwa ugumu wake unazidi faida yake. Kipande kirefu kikiachwa, mhariri husema hivyo ndani ya mabano. Zaidi ya hapo kuna vitone vizito na mistari iliyosogezwa ndani, ambavyo kazi yake ni kuonesha mpangilio wa hoja tu.

Aliyewahi kukaa darsani msikitini ataielewa haraka hali hii. Ni kama sharhi iliyochanganywa na matini katika mstari mmoja, pale ambapo mabano pekee ndiyo yanayokuonesha ipi kauli ya mwenye kitabu na ipi ya mwenye kusherehesha. Tofauti ni moja, na ndiyo inayowaponza watu. Katika sharhi, kilichomo ndani ya mabano ni matini yenyewe, neno kwa neno. Kwa Bennett, hata kilicho nje ya vinukta kimebadilishwa. Vinukta vinaonesha nyongeza tu. Neno lililobadilishwa kwa neno jepesi, au sentensi ndefu iliyokatwa tatu, haina alama yoyote. Mwanafunzi anayedhani kwamba akiviruka vinukta atabaki na maneno ya Locke mwenyewe, amekosea.

Mfano ulio wazi uko katika Tafakuri ya tatu ya Descartes (1641). Hapo Descartes anasema kila wazo lina aina mbili za uhalisia: ule wa wazo lenyewe likiwa ni hali ya nafsi, na ule linaoubeba kwa sababu ya kile linachokiwakilisha. Kwa Kilatini chake ule wa pili ni realitas objectiva, na maandiko yote ya kitaalamu yanafuata istilahi hiyo. Istilahi hii humpoteza msomaji wa leo, kwani tumezoea neno la Kiingereza "objective" limaanishe kile kilichoko nje ya akili, na kwa Descartes ni kinyume chake. Bennett ameiondoa, akaweka maneno yanayomaanisha uhalisia wa kuwakilisha. Kwa kuielewa hoja, ni msaada mkubwa: mtu anasoma mara moja na anaona kwa nini wazo la Mungu linahitaji chanzo kikubwa kuliko nafsi ya mwenye wazo. Kwa utafiti ni mtego. Ukiandika istilahi ya Bennett kwenye kisanduku cha kutafutia makala, mjadala mkubwa wa miaka mingi hutauona, na ukiitumia kwenye insha bila maelezo, msahihishaji atajua papo hapo kwamba hukufungua chapa rasmi.

Mtego wa pili ni wa tarehe. Insha ya Locke juu ya akili ya mwanadamu ilitoka mwishoni mwa 1689, ikiwa na mwaka 1690 kwenye ukurasa wa jina, na ndiyo maana hutajwa kwa miaka yote miwili. Lakini sura mashuhuri juu ya utambulisho wa mtu, yaani kitabu cha pili, sura ya 27, haikuwamo. Locke aliiongeza katika chapa ya pili, 1694. Anayesoma sura hiyo ndani ya faili la Insha nzima, akaandika kwamba Locke alitoa rai hiyo 1690, ameondoa miaka minne ambayo kwa mwanahistoria ina uzito wake. Uzoee kuuliza kila sehemu iliingia katika chapa ipi.

Namna nzuri ya kuitumia huduma hii ni madirisha mawili. Fungua faili la Bennett upande mmoja na asili, au tafsiri inayokubalika, upande wa pili. Soma kifungu kwa Bennett bila kusimama. Funga, kisha andika hoja kwa Kiswahili chako: madai ni haya, hitimisho ni hili, na hiki ndicho kinachounganisha. Ukishindwa kuiandika kwa Kiswahili, hujaielewa bado, rudi. Halafu nenda kwenye asili, kifungu kile kile, utie alama kila mahali asili inaposema jambo ambalo muhtasari wako hauna. Mara nyingi utakuta neno la tahadhari, kama vile "labda" au "kwa kadiri ninavyoona", limepungua nguvu katika kurahisishwa, na wakati mwingine neno hilo ndilo linaloamua tafsiri ipi ya mwanafalsafa ni sahihi. Nukuu utakayoiweka kwenye insha itoke dirisha la pili. Bila ubaguzi.

Kuhama kutoka dirisha moja hadi jingine ni kazi nyepesi kwa baadhi ya waandishi na nzito kwa wengine. Locke hutajwa kwa kitabu, sura na kifungu. Spinoza kwa sehemu na namba ya pendekezo. Berkeley katika Kanuni zake na Leibniz katika Monadolojia kwa namba ya kifungu. Namba hizo hazitegemei ukurasa, kwa hiyo unaruka moja kwa moja. Kant, katika Uhakiki wa Akili Safi, hutajwa kwa kurasa za chapa mbili, herufi A kwa ya 1781 na B kwa ya 1787. Tatizo ni Descartes. Tafakuri zake hazina vifungu vilivyohesabiwa, na duniani kote hutajwa kwa juzuu na ukurasa wa chapa ya Adam na Tannery, iliyoanza kutoka 1897. Tafakuri kwa Kilatini zimo juzuu ya saba. Hoja ya nta (anapouliza tunajuaje kwamba nta iliyoyeyuka ni ile ile), kwa mfano, inaanzia ukurasa wa 30. Tafsiri ya Kiingereza ya Cottingham na wenzake huandika namba hizo pembeni mwa ukurasa, na ndiyo inayotakiwa mezani.

Namba ya ukurasa wa faili la Bennett usiitumie kabisa kama rejea ya mwanafalsafa. Faili hizi zimekuwa zikirekebishwa, na kila moja hutaja tarehe iliyotolewa mara ya kwanza na tarehe ya marekebisho ya mwisho, hivyo kurasa zinaweza kuhama. Ukilazimika kuutaja urahisishaji wenyewe, kwa mfano unapojadili namna Bennett alivyoifahamu hoja fulani, mtaje Bennett kama mhariri, weka tarehe ya marekebisho, na utumie namba ya kifungu.

Asili zenyewe zinapatikana bila malipo kwa kiasi cha kuridhisha. Kwa Hume kuna davidhume.org, ambayo ina maandishi yake yakiwa na namba za aya, na kwangu mimi hii ndiyo jozi bora kuliko zote: Bennett kushoto, Hume mwenyewe kulia, aya kwa aya. Juzuu za zamani za Adam na Tannery na za Leibniz alizohariri Gerhardt zimo Internet Archive. Faili hizo ni picha za kurasa, kwa hiyo ni nzito. Zisome hapo hapo mtandaoni ukurasa unaouhitaji, usilimalize bando kwa kupakua juzuu nzima. Kwa Locke, chapa ya Nidditch ya Oxford, 1975, ndiyo ya kunukuu. Ya bure iwe ya kulinganishia tu. Kwa Spinoza kwa Kiingereza ni tafsiri ya Curley. Na kabla hujadhani umegundua jambo, soma makala husika katika Stanford Encyclopedia of Philosophy, nayo ni ya bure, ili ujue mjadala umefikia wapi.

Mwandishi mmoja aliyemo katika tovuti hii anamfaa sana msomaji wa Zanzibar, na wachache humfungua: Nicolas Malebranche, padri Mfaransa (1638 hadi 1715), kwa Mazungumzo yake juu ya metafizikia ya 1688. Aliyesoma sifa ishirini anaijua kauli kwamba moto hauunguzi kwa nguvu yake wala kisu hakikati kwa tabia yake, bali Mungu ndiye mwenye kuumba athari. Imam Ghazali aliijengea hoja katika mas'ala ya 17 ya kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, kwa mfano wa pamba na moto: tunachokiona ni kuungua kunakotokea wakati moto umeigusa pamba, na kutokea wakati mmoja si dalili ya kutokea kwa sababu yake. Malebranche anafika karibu na hapo hapo kwa njia nyingine, na mazungumzo ya saba ndiyo ya kusoma polepole.

Hoja yake inakwenda hivi. Chukua kiti. Kiti hakidumu ila kwa Mungu kuendelea kutaka kiwepo, yaani kukihifadhi ni kuendelea kukiumba. Lakini Mungu hawezi kutaka kiti kiwepo bila ya kuwa mahali fulani, hapa au pale, kimetulia au kinasogea. Basi katika kule kukihifadhi tu, mahali pake pameshaamuliwa. Kiumbe gani tena kitakisogeza? Kikisogezwa na kingine, kingeshindana na utashi uliokwisha kukiweka pale. Bennett ameyanyoosha majibizano ya Theodore na Aristes, wazungumzaji wa kitabu hicho, hata kila hatua inaonekana, na kwa maoni yangu hili ni miongoni mwa faili zake bora.

Kinachokosewa hapa ni jambo moja, nalo hujirudia katika mapendekezo ya utafiti: mwombaji anaandika kwamba Malebranche, au Hume baada yake, alichukua kutoka kwa Ghazali. Kufanana si ushahidi wa kurithiana. Ni kweli kwamba jibu la Ibn Rushd, lililobeba maneno ya Ghazali ndani yake, lilitafsiriwa kwa Kilatini, kwa hiyo njia ilikuwepo. Lakini kuwepo kwa njia hakuthibitishi kwamba mtu alipita. Andika badala yake juu ya tofauti ya hoja. Ya Ghazali inaanzia kwenye kile jicho linachoweza na kisichoweza kushuhudia. Ya Malebranche, katika mazungumzo haya, inaanzia kwenye maana ya kuhifadhi. Ya Hume, katika Uchunguzi wake juu ya akili ya mwanadamu (1748), sehemu ya nne na ya saba, inakubali kwamba macho hayaoni ulazima, kisha inakataa kupanda hadi kwa Mungu na kuurejesha ulazima kwenye mazoea ya akili. Hapo una sura nzima ya tasnifu bila dai hata moja usiloweza kulithibitisha, na mwanafunzi anayesoma Kiarabu anaingia na mtaji ambao wengi katika fani hii hawana.

Kwa upande wa vifaa: faili ni maandishi matupu, kwa hiyo ni jepesi hata kwa bando dogo. Ukiwa Tunguu au Vuga kwenye intaneti ya chuo, pakua waandishi wote unaowahitaji kwa pamoja, maana tovuti haihitajiki tena baada ya hapo na umeme ukikatika faili liko kwenye simu. Kurasa zimelazwa kwa upana zikiwa na safu mbili. Kwenye simu iliyosimama herufi zinakuwa ndogo mno. Ilaze simu, kuza mpaka safu moja ijaze kioo, soma kwenda chini, ndipo uhamie safu ya pili. Faili la kitabu kirefu, kama Insha ya Locke, limegawanywa kwa vitabu vyake vinne, na kwa mwenye simu ndogo hiyo ni nafuu.

Ukienda kutoa kopi steshenari, iwe Darajani au Chake Chake, mwambie mhudumu mapema kwamba ukurasa umelazwa na unataka pande mbili, karatasi igeuzwe kwa ukingo mfupi. Akiacha mpangilio wa kawaida, kila ukurasa wa nyuma hutoka kichwa chini, na hugundui mpaka kazi yote imeshatoka. Jaribu karatasi moja kwanza. Angalia pia kama vile vinukta vidogo vimetoka, kwa sababu mashine yenye wino hafifu huvifuta, na vikifutika hakuna tena cha kukuonesha nyongeza za mhariri. Bana kwa spairo upande mfupi wa kushoto.

Kuhusu waandishi wanawake, zimo barua za Elisabeth wa Bohemia kwa Descartes, zilizombana juu ya namna nafsi isiyo na mwili inavyoweza kuusukuma mwili, yumo Anne Conway, na yumo Mary Wollstonecraft. Anza na Elisabeth. Swali lake la 1643 bado halijapata jibu lililowaridhisha wote.

Kinachokosekana ni lugha. Tovuti yote ni ya Kiingereza, na maandishi yaliyoandikwa kwa Kilatini na Kifaransa yamekuja humo kwa Kiingereza tu. Anayetaka kuifanya kazi hii maisha yake yote lazima awe na Kilatini na Kifaransa, na Kijerumani akimlenga Kant. Insha ya mfano inayopelekwa na maombi ya uzamivu itasomwa na watu wanaojua asili inasemaje.

Kwa msomaji wa Kiarabu kuna njia moja ya kukianza Kilatini ambayo haimo katika tovuti hii na inastahili kutajwa. Kisa cha Ibn Tufayl cha Hayy ibn Yaqzan kilichapwa Oxford mwaka 1671 na Edward Pococke mdogo, Kiarabu na tafsiri ya Kilatini pamoja. Ni kitabu kilichosomwa Ulaya katika miaka ile ile ambayo Locke alikuwa anaandika rasimu za kwanza za Insha yake. Chukua aya moja kwa siku, isome Kiarabu hadi maana itulie, ndipo uingie kwenye Kilatini ukiwa na sarufi pembeni, kitenzi kwanza, kisha mtenda, kisha vilivyobaki.